Kuume, Kulia na Kitufe cha Kushoto: Historia ya Mkono Mkuu kutoka Maniema hadi Kompyuta

1. Utangulizi

Mwanafunzi anayejifunza kompyuta mjini Kindu, makao makuu ya Mkoa wa Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hukutana na lugha mbili kwa pamoja. Aghalabu mashine humwandikia Kifaransa, ambacho ndicho lugha rasmi ya nchi. Walio karibu naye humwelezea kwa Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Miongoni mwa maelezo ya kwanza anayopewa ni kwamba kipanya kina vitufe viwili: cha kushoto ni cha kuchagulia na kufungulia, na cha kuume ni cha kuitia menyu.

Kwa watu wengi maelezo hayo yanatosha. Kwa mtu wa shoto hayatoshi. Akikihamishia kipanya upande wa mkono wake wenye nguvu, kidole chake cha shahada hukilalia kitufe cha kuume, na kidole cha kati hukilalia kile cha kushoto. Kidole kilichozoea kazi sasa kimepewa kitufe kisicho na kazi kubwa. Dawa yake inajulikana: mfumo wa kompyuta huruhusu vitufe vibadilishane kazi. Lakini vikisha kubadilishana, agizo la mwalimu la “bonyeza kushoto” linakuwa agizo la makosa, ingawa kila neno lililomo ndani yake ni Kiswahili safi.

Makala hii inachunguza historia ya tatizo hilo kwa upande wa lugha, mila na mashine. Hoja yake ni kwamba Kiswahili na kompyuta vimepita njia moja kwa kuelekeana kinyume. Katika Kiswahili, maneno yaliyotaja kazi na cheo cha mkono yamegeuka kuwa majina ya upande. Katika kompyuta, neno lililotaja upande wa kitufe limegeuka kuwa jina la kazi. Mtu wa shoto ndiye anayesimama mahali njia hizo mbili zinapopishana, naye ndiye anayelipa gharama ya istilahi isiyopimwa.

2. Kindu na kanuni tatu za kutaja upande

Mji wenyewe ni mfano mzuri wa kuanzia. Kindu umejengwa kando ya mto Lualaba, ambao ni sehemu ya juu ya mto Kongo, na mahali hapo mto huelekea kaskazini. Komuni za Kasuku na Mikelenge ziko upande wa magharibi wa mto. Komuni ya Alunguli iko upande wa mashariki. Katika Kifaransa cha utawala, Alunguli iko kwenye ukingo wa kuume na mji wa kati uko kwenye ukingo wa kushoto.

Ukingo wa kuume wa nani? Kanuni ya wanajiografia ni kwamba mtu huchukuliwa kuwa ameelekeza uso wake mto unakokwenda. Abiria anayeondoka Kindu kwa chombo kwenda Ubundu, akifuata maji, huiona Alunguli kuumeni kwake, na jina linaafikiana na macho. Abiria anayerudi kutoka Ubundu huiona Alunguli kushotoni kwake, lakini ukingo unabaki kuitwa wa kuume. Upande huo si wake. Ni wa mto. Kampuni ya reli na mito iliyoundwa mwaka 1902 chini ya Mbelgiji Édouard Empain, na ambayo njia yake ya Kindu–Kongolo ilikamilika mwaka 1910, iliendesha bandari ya Kindu katika ulimwengu wa ramani za namna hiyo, hata mji ukabeba kwa muda jina la Kindu-Port-Empain.

Wakazi wa mji wana neno jingine ambalo halihitaji ramani. Aliye Kasuku husema kwamba Alunguli iko ng’ambo. Aliye Alunguli husema hivyo hivyo kuhusu Kasuku. Neno ng’ambo humfuata msemaji. Akivuka, maana yake inavuka pamoja naye.

Kanuni ya tatu inatoka pwani, katika lugha ya mabaharia. Katika jahazi, upande unaopigwa na upepo huitwa joshini, na upande wa pili huitwa demani. Majina hayo hayashikamani na ubao wowote wa chombo. Nahodha anapogeuza tanga, upande uliokuwa joshini unakuwa demani, na hakuna baharia anayeona ajabu, kwa sababu jina linataja kazi ya upande kwa wakati huo. Kwa hiyo upande unaweza kutajwa kwa kitu kisichobadilika, kama mto. Kwa mahali alipo msemaji. Au kwa kazi inayofanyika. Kanuni hizo tatu ndizo zitakazoonekana tena katika majina ya mikono na ya vitufe.

3. Majina ya mikono katika Kiswahili

Neno kulia, linapotajwa pamoja na mkono, halikuwa na maana ya upande kwa asili yake. Ni kitenzi kula katika hali ya kutendea, kama katika meza ya kulia au chumba cha kulia. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Lugha jirani zinashuhudia mantiki hiyo hiyo: katika Kikuyu, neno la upande huo, ũrĩo, linahusiana na kitenzi cha kula.

Neno la pili, kuume, linataja jinsia na cheo. Shina lake ni -ume, lile la mwanamume, na katika sherehe za harusi upande wa bwana arusi huitwa kuumeni ilhali ule wa bibi arusi huitwa kukeni. Baadhi ya lahaja za kaskazini zilikuwa na mkono wa kuvuli, kutokana na mvuli, yaani mwanamume. Mantiki hii imeenea sana katika Kongo. Kilingala huuita mkono wa kuume mkono wa mwanamume na wa kushoto mkono wa mwanamke, bila kificho chochote. Kiswahili cha mashariki ya Kongo kimeshikilia zaidi kuume kuliko kulia. Katika mazungumzo ya kila siku husikika mukono ya kuume na mukono ya kushoto. Huko Tanzania na Kenya, kulia ndilo neno la kawaida, na kuume limebaki zaidi katika maandiko ya dini na lugha ya heshima.

Kiarabu kilileta jozi nyingine. Yamini kwa Kiarabu ni mkono wa kuume na pia ni kiapo, kwa kuwa kiapo hufungwa kwa mkono huo. Kiswahili kilichukua hasa maana ya pili, ndiyo maana mtu hula yamini. Neno shemali kwa asili lilihusu upande wa kushoto na pia kaskazini, kwa sababu aliyeelekea mawio ya jua ana kaskazini kushotoni kwake. Hapa tena upande umefungwa kwenye jambo lingine: sheria, au jua.

Kwa upande wake, neno kushoto halimwonyeshi msemaji wa leo kazi yoyote wala cheo chochote. Mkono wa kuume umepewa majina ya chakula, uanaume na kiapo. Mkono wa pili umeachiwa jina lisiloeleza kitu. Wala jambo hili si la Waafrika peke yao. Neno la Kifaransa la kushoto lina maana pia ya uzito na kutojua kufanya jambo, na lile la Kilatini limezaa maneno ya nuksi katika lugha kadhaa za Ulaya.

Jambo la kuzingatia ni mabadiliko yaliyofuata. Msemaji wa leo anaposema “pinda kulia” hafikirii chakula, na anaposema “simama kuume” hafikirii wanaume. Maneno ya kazi yamekauka yakawa maneno ya upande. Ushahidi ni mtu wa shoto mwenyewe: hata kama anakula kwa mkono wa kushoto, jamii haiuiti mkono huo wa kulia. Kama jina lingekuwa bado linafuata kazi, kama joshini na demani, lingehamia kwenye mkono wake anaoulia. Halihami.

4. Mkono mkuu katika mila na katika shule

Mwaka 1909 mwanasosholojia wa Kifaransa Robert Hertz alichapisha makala kuhusu ukuu wa mkono wa kuume. Alikubali kwamba mwili wenyewe una mwelekeo, lakini akadai kwamba tofauti ndogo ya mwili imekuzwa na jamii hadi ikawa sheria: mkono mmoja ukapewa heshima, baraka na uongozi, na mwingine ukafungwa. Hertz alikufa vitani mwaka 1915, lakini hoja yake ilizaa utafiti mwingi katika Afrika ya Mashariki. T. O. Beidelman, mathalani, alichapisha mwaka 1961 uchunguzi wake juu ya mkono wa kuume na wa kushoto miongoni mwa Wakaguru wa Tanganyika.

Mfano ulio muhimu zaidi kwa makala hii ni ule wa Mugwe wa Wameru wa Kenya. Bernardo Bernardi alimweleza kiongozi huyo wa kidini katika kitabu kilichotoka mwaka 1959, na mwaka uliofuata Rodney Needham akaandika makala nzima kuhusu mkono wake wa kushoto. Mkono huo ndio uliokuwa mtakatifu. Ulishika alama za madaraka yake, ulifunikwa usionekane na watu, na ndio uliotoa baraka. Wameru kwa jumla waliuheshimu mkono wa kuume kama jirani zao. Lakini kwa cheo hiki kimoja mpangilio uligeuzwa. Wataalamu wamebishana kuhusu maana ya jambo hilo. Kinachoonekana bila ubishi ni kwamba ukuu wa mkono si sehemu ya mkono. Jamii iliyoutoa upande mmoja iliweza kuuhamishia upande wa pili ilipoona haja.

Katika Maniema, dini mbili zilizoenea pamoja na Kiswahili ziliimarisha ukuu wa kuume. Uislamu uliingia na wafanyabiashara kutoka pwani waliojenga Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, nao unaelekeza kula na kunywa kwa mkono wa kuume. Ukristo wa wamisionari ulihubiri juu ya kuketi kuumeni kwa Baba. Shule iliyofuata iliongeza kalamu. Katika shule nyingi, za Ulaya na za Afrika, mtoto aliyeishika kalamu kwa mkono wa kushoto alilazimishwa kuihamisha, mara kwa kusemwa, mara kwa kiboko.

Idadi ya watu wanaohusika si ndogo. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, uliokusanya takwimu za watu zaidi ya milioni mbili, ulikadiria kwamba watu wa shoto ni kiasi cha asilimia 10.6 ya wanadamu. Katika darasa la wanafunzi hamsini, watano hivi wanaweza kuwa na mkono wa kushoto wenye nguvu zaidi. Pale ambapo mila hukataza, idadi inayoonekana huwa pungufu, kwa kuwa wengi wamekwisha kufundishwa kujificha.

5. Maandishi yaliyogeuza mwelekeo

Kabla ya kufika kwenye mashine, hapana budi kukumbuka kwamba Kiswahili chenyewe kiliwahi kubadilisha upande. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, aliyetawala biashara ya Maniema kutoka Kasongo na ambaye mwaka 1887 alifanywa gavana wa Stanley Falls na Dola Huru ya Kongo, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu. Mkono wake ulianzia kuume ukaenda kushoto. Mjerumani Heinrich Brode aliyageuza maandishi hayo katika hati za Kilatini na kuyachapisha mwaka 1902 na 1903. Maneno yalikuwa yale yale. Msomaji alianzia upande wa pili.

Mageuzi hayo katika Kongo hayakuwa ya mtu mmoja. Baada ya vita vya 1892–1894, ambamo Nyangwe na Kasongo zilitekwa na majeshi ya Dola Huru mwaka 1893, utawala na misheni vilitumia hati za Kilatini, na Kiswahili cha shule na ofisi kikawa lugha ya kuandikwa kutoka kushoto kwenda kuume. Aliyejua kusoma kwa hati za kwanza alihesabiwa na utawala mpya kuwa hajui kusoma. Hilo ni funzo la kwanza la kubadilisha upande: mabadiliko yanayofanywa bila kumwachia mtu njia ya kurudi humfanya mjuzi aonekane mjinga.

6. Kipanya na vitufe vyake

Kipanya cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 katika taasisi ya utafiti ya Stanford, California, na Bill English kwa kufuata wazo la Douglas Engelbart. Kilikuwa cha mbao na kilikuwa na kitufe kimoja. Engelbart alipokionyesha hadharani mjini San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, kipanya kilikuwa na vitufe vitatu. Yafaa kukumbuka kwamba katika maonyesho hayo mkono wa kuume ulishika kipanya, na mkono wa kushoto ulikuwa na kifaa chake, kibodi ndogo ya vibonye vitano ambavyo viliweza kubonyezwa kwa pamoja kutoa amri. Tangu mwanzo, basi, mikono miwili iligawiwa kazi: wa kuume uonyeshe, wa kushoto uamuru.

Makampuni yaliyouza kipanya kwa umma hayakukubaliana juu ya vitufe. Kompyuta ya Lisa ya Apple, iliyotoka mwaka 1983, ilikuwa na kipanya cha kitufe kimoja, na Macintosh ya mwaka 1984 vilevile. Chenye kitufe kimoja hakina kushoto wala kuume. Mtu wa shoto alikihamisha tu. Microsoft nayo ilitoa mwaka 1983 kipanya cha vitufe viwili, na hapo ndipo swali la ukuu lilipozaliwa. Kitufe cha kushoto kilipewa kazi kubwa kwa sababu ndicho kilicho chini ya kidole cha shahada cha mkono wa kuume. Uongozi wa kitufe cha kushoto, kwa hiyo, ni kivuli cha uongozi wa mkono wa kuume.

Historia ya jina la chaguo la kubadilisha vitufe katika mfumo wa Windows inastahili kusomwa kwa makini. Katika Windows 3.1 ya mwaka 1992, mtumiaji aliweka alama mahali palipoandikwa kubadilishana kwa vitufe vya kushoto na kuume: jina lilitaja upande. Katika Windows 95 aliulizwa kama yeye ni mtu wa mkono wa kuume au wa kushoto: jina lilimtaja mtu. Katika Windows XP ya mwaka 2001 aliambiwa abadilishe kitufe kikuu na kitufe cha pili: jina lilitaja kazi. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, imeendelea hivyo kwa kuuliza kitufe kikuu ni kipi, cha kushoto au cha kuume. Katika muda wa miaka tisa tu, watengenezaji walitoka kwenye kanuni ya mto wakafika kwenye kanuni ya joshini na demani.

Ndani ya mashine, hata hivyo, jina la kale halikufutwa. Vitufe vikisha kubadilishwa, mtumiaji akibonyeza kitufe cha kuume kwa kidole chake cha shahada cha kushoto, mfumo huiarifu programu kwamba kitufe cha kushoto kimebonyezwa. Programu haijui, wala haina haja ya kujua, kidole kiligusa wapi. “Kushoto” kwa programu maana yake ni “kikuu”. Neno la upande limekuwa neno la kazi, kinyume kabisa cha safari ya neno kulia.

7. Kubadilisha kwa kibodi

Vitufe hivyo vinaweza kubadilishwa kwa njia ya mkato ya kibodi? Windows haina mkato uliowekwa tayari kwa kazi hiyo. Kuna njia ndefu kidogo isiyohitaji kipanya: hubonyezwa kibonye cha Windows pamoja na R, huandikwa main.cpl, kisha Enter. Dirisha la kipanya hufunguka, na mahali pa kubadilishana vitufe huwekwa au kuondolewa alama kwa kibonye cha nafasi, na Enter hufunga. Katika mifumo ya Linux inayotumia mfumo wa madirisha wa X, amri ya kupanga upya namba za vitufe inaweza kufungwa kwenye mkato wowote ambao mtumiaji anautaka.

Kukosekana kwa mkato huo kunaonyesha jinsi watengenezaji walivyowaza. Mambo mengine ya pande mbili yana mikato yake. Alt na Shift kwa pamoja hubadilisha mpangilio wa kibodi kutoka lugha moja hadi nyingine. Palipowekwa lugha inayoandikwa kutoka kuume, Ctrl na Shift za upande wa kuume huanzisha aya upande huo, na Ctrl na Shift za upande wa kushoto huirudisha kushoto. Yaani safari ya maandishi ya Tippu Tip kutoka hati moja hadi nyingine ina vibonye viwili vya kwenda na viwili vya kurudi. Mkono wa mtumiaji hauna. Ulifikiriwa kuwa jambo la kuamuliwa mara moja na mwenye mashine, na mwenye mashine alifikiriwa kuwa mtu mmoja.

Dhana hiyo haifai pale ambapo kompyuta moja hutumiwa na watu wengi kwa zamu, kama katika vyumba vingi vya mafunzo vya Kongo na Afrika ya Mashariki. Mtu wa shoto huja, hubadilisha, hufanya kazi, na anayemfuata hukuta mashine imeharibika. Asipobadilisha, hufanya kazi kwa mkono usio wake. Ufumbuzi upo: Windows huhifadhi chaguo hilo kwa kila akaunti ya mtumiaji, kwa hiyo akaunti moja ya watu wa shoto katika kila mashine inatosha kuwaondolea wote adha.

Kibodi nayo imebeba mgawanyo wa Engelbart. Mikato ya kutengua, kukata, kunakili na kubandika hutumia Ctrl pamoja na Z, X, C na V. Katika kibodi za Kiingereza vibonye hivyo vinne vimepangana chini upande wa kushoto, ili mkono wa kushoto uamuru wakati wa kuume umeshika kipanya. Mwenye kipanya kushoto hulazimika kukiacha au kuvusha mkono. Huko Kindu kuna jambo la ziada. Kibodi ya Kifaransa imebadilishana mahali pa A na Q, na Z na W. Aliyejifunza Dar es Salaam au Nairobi, akitaka kutengua kosa kwa mazoea ya vidole, huenda akabonyeza Ctrl na W, nayo ni amri ya kufunga dirisha.

Wapo waliofikiria zamani njia nyingine. Kanuni za IBM za mwaka 1987 zilitumia Shift na Delete kukata, Ctrl na Insert kunakili, Shift na Insert kubandika. Mikato hiyo ingali inafanya kazi katika programu nyingi, na katika kibodi kubwa iko upande wa kuume. Kwa mtu wa shoto aliyeshika kipanya kwa mkono wake, hiyo ndiyo kibodi iliyogeuzwa, bila kununua kitu.

8. Suala la istilahi

Kiswahili cha kompyuta kilianza kupewa sura rasmi mapema katika karne hii, kwa kazi kama ile ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Mijadala ya wakati huo ilihusu zaidi majina ya vitu: kipanya au puku, kibodi au kicharazio. Jina la tendo halikupata uangalizi wa kiasi hicho.

Maneno “bofya kulia” na “bofya kushoto” yana kasoro mbili. Kwanza, kulia kuna maana nyingi mno: ni upande, ni kula kwa kitu, ni kutoa machozi. Kuume, lililohifadhiwa vizuri katika Kiswahili cha Maniema, ni wazi zaidi kwa maana ya upande, na hapo wanaistilahi wa pwani wana la kujifunza kutoka bara. Pili, na hili ndilo kubwa, maneno hayo hutaja upande mahali ambapo kinachotakiwa ni kazi. Kifaransa wanachokiona wanafunzi wa Kindu kina kasoro hiyo hiyo, kwani nacho huzoea kutaja mbofyo wa kushoto na wa kuume.

Kiswahili kina njia rahisi ya kutoka. Kitufe kikuu na kitufe cha pili ni maneno mafupi, yanaeleweka bila maelezo, na hubaki kweli kwa mkono wowote. “Bofya kitufe kikuu” ni agizo ambalo mwalimu anaweza kulitoa kwa darasa zima bila kumwacha mtu. Kushoto na kuume yabakie kwa mahali pa vitu kwenye skrini, ambapo upande hakika ni upande.

9. Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa inaonyesha kwamba ukuu wa mkono, wa ukingo au wa kitufe hutokana na kanuni iliyochaguliwa na watu, na kwamba kanuni hiyo husahaulika hadi jina likaonekana kuwa maumbile. Waliosema kwanza mkono wa kulia walitaja kazi. Warithi wao wakaona upande tu. Waliokiita kitufe cha kushoto walitaja upande. Mashine yao ikaja kuona kazi tu. Mugwe wa Wameru na baharia wa jahazi wanakumbusha kwamba jamii zetu zilikwisha kujua kuitenga kazi na upande muda mrefu kabla ya kompyuta.

Mkono mmoja haulei mwana, husema wahenga, na msemo huo hautaji ni mkono upi. Kwa walimu wa kompyuta wanaofundisha kwa Kiswahili, Kindu na kwingineko, wajibu unaotokana na historia hii ni mdogo na unatekelezeka: kutaja kazi badala ya upande, kuweka akaunti ya watu wa shoto katika mashine za pamoja, na kumfundisha kila mwanafunzi njia ya kibodi ya kubadilisha vitufe na ya kuvirudisha. Mtoto aliyepigwa jana kwa sababu ya kalamu asianze tena kesho kuonekana mzito kwa sababu ya kipanya.